Vigingi Nilivyong'oa Kinamasini

Nyambura,

Sikuulizi hali. Nyinyi mlio huko ndio mngetuuliza sisi tuliobaki, maana sisi ndio bado tunakohoa na kupanda vilima. Mimi nimechoka. Nianze hapo, usije ukasema Cucu, bibi yako mzaa baba, alikuficha. Magoti yamechoka, mgongo umechoka, hata mdomo wangu umechoka, na unajua huo mdomo haukuwahi kupumzika siku moja.

Nakuandikia kwa daftari yako ya kupimia, karatasi za nyuma, zile hukuzifikia. Usicheke hati yangu. Niliacha shule darasa la pili, na kalamu yako hii ni nyembamba kama mguu wa mbu. Ningeweza kumwambia baba yako aniandikie, lakini neno nililo nalo ni la aibu, na aibu yangu naibeba mwenyewe.

Niliving'oa vigingi vyako.

Basi, nimesema. Sasa kaa chini nikueleze, usiruke juu kama ulivyozoea.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka kusini, kule mwalimu wako alikowapeleka kupima pwani iliyopigwa na kimbunga? Ulikuja na viatu vimejaa matope, ukaviweka juu ya jiwe langu la kufulia, nikakugombeza kabla sijakusalimia. Ukaingia jikoni, ukala nduma tatu, yale magimbi yetu, bila kupumua, ndipo ukaanza. Ati upepo ulikuja na bahari mgongoni. Ati mikoko, ile miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi, ililala chini kama mahindi yaliyokanyagwa na ng'ombe. Mimi nikadhani mlienda kusaidia watu. Kumbe mlienda kupima! Nikakuuliza, watu wanalala nje na nyinyi mnapima matope? Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Cucu, tusipopima, kesho watasema hakuna kilichoharibika."

Neno hilo nililidharau. Limenirudia.

Uliniambia mambo mengi siku ile, na mimi nilijifanya nachagua maharagwe lakini masikio yalikuwa kwako. Ukasema kuna mitambo inazunguka huko juu angani ikipiga picha, na nyinyi mnaweka picha ya kabla ya kimbunga kando ya picha ya baada, mnaangalia palipokuwa kijani pamegeuka rangi gani. Mnatembea nyumba kwa nyumba mkitafuta ule mstari wa uchafu maji yaliouacha ukutani. Mnaangalia juu ya miti, takataka zimenasa tawi gani, ili mjue bahari ilipanda mpaka wapi. Mnapima chumvi iliyobaki kwa udongo. Lakini ukasema picha zenu haziwaonyeshi vizuri kama ardhi yenyewe imeshuka kiganja kimoja ama imepanda. Hiyo lazima mtu apige magoti kwenye matope. Na lazima awe alifika hapo kabla ya dhoruba, akapiga chuma chini mpaka kikagonga pagumu, akaandika. Ukaniambia, "Ukija baada tu, Cucu, unaona kidonda, lakini hujui mwili ulikuwa mnene kiasi gani."

Nikakujibu kwamba huku Mukurweini hakuna bahari, kwa hivyo hayo mavyuma uyaache hukohuko. Ukasema kimbunga chenyewe hakifiki kwetu lakini mkia wake unaweza kufika, ni mvua, na kinamasi chetu cha nduma ndicho kinachoyashika maji ya mlimani yasiwaangukie watu wa chini kwa pamoja. Kichwa ngumu. Kesho yake ukashuka bondeni na nyundo ya marehemu babu yako, ukapiga vigingi tisa vya chuma. Kila kimoja kichwa chekundu na nambari yake.

Halafu ukafungua mfuko ukaanza kumwaga unga mweupe juu ya matope, kiraka hapa, kiraka pale. Ee, nilipiga kelele mpaka jirani Githinji akatoka ndani ya kahawa yake kuangalia nani ameumwa na nyoka. Unga! Watu wana njaa na wewe unalisha vyura! Ukaja ukaniwekea kidogo kwa kiganja, ukaniambia nionje. Nikaonja, mjinga mimi. Ulikuwa unga wa jiwe. Meno yangu machache yalilia siku mbili. Ukanieleza kwamba matope mapya yatakuja yalale juu ya ule weupe, na siku moja mtu atakata kipande kama keki, auone mstari, apime kilicho juu yake. Nikasema mtu huyo hana kazi nyumbani kwao.

Na kila mwezi ulikuja kutoka chuo kikuu na rula yako, ukapima kutoka kichwa cha kigingi mpaka kwa matope. Mimi nilishika daftari. Ulisema nishike tu isianguke majini, lakini ulikuwa unanitajia nambari kwa sauti, polepole, na unangoja niziangalie zikiandikwa. Nilijua unanifundisha. Sikukuambia asante. Unajua mimi hilo neno hunikwama.

Ndipo damu yako ikagoma. Wiki tatu hospitalini huko Kerugoya, ukawa mwepesi kama gunia tupu. Siku ya mwisho uliyoweza kuongea vizuri hukuniambia unaumwa wapi. Ulisema, "Cucu, mwezi huu sijapima." Nikakuambia nyamaza, matope hayaendi popote.

Nilikudanganya, na sikujua nakudanganya.

Wewe ni msichana wa kwanza wa mwanangu, kwa hivyo ulipozaliwa ulipewa jina langu, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyenionya kwamba siku moja nitasimama shambani kwangu, na macho yangu mazima, nisome Nyambura kwenye msalaba. Wenzangu walinishika mikono wakifikiri nitaanguka. Sikuanguka. Nilikuwa na hasira. Ile zamu ilikuwa yangu, na uliniruka bila heshima.

Sasa vigingi.

Baada ya kukuzika, kiangazi kilipokauka vizuri, watu wa jaketi za kung'aa walipita ng'ambo ya mto wakipaka mawe rangi. Githinji akaja mpaka hapa langoni, kofia mkononi kama mtu wa kuleta habari ya kifo. "Nyambura, zile chuma nyekundu kwako ni za nani? Kitu cha nambari ni cha serikali. Watakuambia kinamasi ni cha mto, si chako." Mimi nilijua ni za nani. Nilisimama pale ukizipiga nyundo. Lakini woga haukuulizi unajua nini.

Sikuwahi kukuambia habari ya watu wa mnyororo. Nilikuwa mtoto. Baba yangu alikuwa amefungwa kambini, kama wanaume wengi wa huku wakati ule wa Mau Mau, mzungu akitawala. Wakaja watu na mnyororo mrefu wa kupimia, wakapiga vigingi, wakaandika, wakaenda. Mama alisimama tu na mimi nikishika nguo yake. Baba aliporudi, shamba lake la bondeni lilikuwa na jina la mtu mwingine, na yeye akapewa mteremko wa mawe. Alilima yale mawe mpaka akafa. Kwa hivyo mtu wa kwetu akiona kigingi, mkono wake unashika jembe kabla kichwa hakijafikiri. Ungepata mume wa kutoka mbali, ungemfundisha hilo. Sasa hutakuwa na mume wa kumfundisha. Lo, ngoja nipanguse macho.

Haya. Na nikuambie ukweli mwingine, maana woga haukuwa peke yake. Nilikuwa nashindwa kushuka kuchimba nduma. Nikifika pale chini navikuta vile vichwa vyekundu vimesimama vikikungoja, kama watoto ambao hawajaambiwa. Nani angeviambia? Asubuhi moja nikachukua jembe nikaving'oa vyote tisa. Nilitukana kila kimoja.

Lakini shimo la mpaka halikai wazi, mama yangu alinifundisha. Nikaenda kuchimba itoka, yale maua yetu ya mpaka, nikapanda moja katika kila shimo, ili mtu wa jaketi akija aone hapa pana wenyewe. Nilizipanda mpaka shingoni, kiazi chote ndani na shingo sawasawa na udongo, kama inavyopandwa itoka. Kisha nikapanda kwenda nyumbani na chuma zako begani. Saba nikasimamishia nyanya. Moja nikawa nachokorea moto. Ya mwisho nikafungia mbuzi.

Usinikasirikie bado. Kasirika baadaye, nikimaliza.

Mvua za masika zikaja, na redioni wakawa wanataja kimbunga kilichokuwa huko baharini mbali. Sijui kama huo ndio ulikuwa mkia uliousema. Asubuhi moja nilifungua mlango nikasikia mto una sauti ya mtu mwingine. Nikashuka mpaka nusu ya mteremko, nikasimama. Nyambura, kinamasi kilikuwa kimechanwa. Upande wa juu nduma zote zilienda, na ule udongo mweusi chini yake ulienda pia, kukabaki udongo mwekundu uchi kama fizi. Upande wa chini, pale mto unapokata kona, matope yalirundikana mpaka ndizi zikabaki vichwa tu. Nilikaa juu ya nyasi zenye maji. Nilikaa mpaka Githinji akaja kunitafuta, naye akakaa.

Watu wa chifu wakaja na karatasi. Wakaniuliza nimepoteza nini. Nikasema kinamasi. Wakaandika "nduma". Nikasema si nduma peke yake, ni udongo, ni ile sehemu inayoshika maji. Wakauliza udongo kiasi gani. Nikafungua mdomo. Huu mdomo wangu, Nyambura! Kiasi gani? Nilikuwa na jibu likisimamisha nyanya nyuma ya nyumba.

Wiki hiyohiyo mwalimu wako Wekesa akaja, yule mrefu wa Bungoma, na rafiki yako Akinyi. Walisikia habari ya mafuriko wakaja wenyewe, kwa ajili yako. Walirusha droni yao, kuku wangu wakaingia chini ya kitanda na hawakutaga siku mbili. Walipima mstari wa uchafu kwa ukuta wa zizi. Akinyi akapanda mparachichi na viatu vyake vya mjini akapima nyasi zilizonasa kwenye tawi. Nilikuwa nawatazama, na kila walichofanya ulikuwa umenieleza jikoni. Nilitaka kusema najua hiyo. Nikainama kuokota kuni, kwa sababu nilijua swali gani linakuja.

Wekesa akasema, "Cucu, sasa tuonyeshe vigingi vya Nyambura."

Nikamwambia maji yalivibeba. Nilimwangalia machoni nikasema hivyo, mimi ninayekaa benchi ya mbele kanisani.

Akavua kofia. Akaeleza polepole, bila kulaumu mtu, kwamba picha wanayo na mstari wa maji wanao, lakini bila vigingi hawawezi kusema upande wa juu ulipoteza udongo kiasi gani. Akasema daftari yako ni nzuri, hesabu zako ni safi, lakini kazi ya upande ule itaishia hapo. Haitaingia kwenye ripoti yao. Akinyi akageuka akajifuta uso kwa mkono wa matope, akawa kama mtoto aliyekula udongo.

Nikafanya nini? Nikapika chai. Mtu akishindwa na maneno anapika chai.

Wekesa akakaa kwa kiti hapo uani, kikombe mkononi. Na mbele yake, hatua nne tu, mbuzi wangu anakula majani amefungwa kwa chuma. Kichwa chekundu. Nambari nne, kwa mwandiko wako.

Nilimwona akiiona. Alitazama chuma, akatazama mbuzi, akatazama chai yake. Mluhya yule ana adabu, wazazi wake walifanya kazi. Alikunywa mpaka nusu kikombe. Kisha akasema, "Cucu, mbuzi yako imefungwa vizuri."

Sijawahi kulia mbele ya mwanamume tangu babu yako azikwe. Nililia, na huku nikilia nikawa namgombeza Wekesa, ati kwa nini mnawapa watoto wetu vyuma vyekundu bila kuuliza wazee wameona nini katika maisha yao. Nikamweleza yote. Watu wa mnyororo, Githinji, vile vichwa vinavyokungoja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja tu: mashimo nayakumbuka?

Nikamwambia kijana, kila shimo nimelipandia itoka.

Akaweka kikombe chini. "Ulizipanda kina gani?"

Nikamwambia swali gani hilo? Mpaka shingoni. Itoka haipandwi vingine.

Nyambura, yule mtu mzima alishuka mteremko mbio, karibu avunjike. Itoka nne zilikuwa zimebebwa. Tano zimesimama, na hizo tano zilinitia huruma: udongo umeziondokea, viazi viko nje, mizizi inaning'inia kama ndevu za mzee. Hazikuachilia. Wekesa akapiga magoti matopeni, akaweka rula shingoni kwa ile ya kwanza, akashusha mpaka chini. Akaniuliza tena kama nina hakika, shingo ilikuwa sawa na udongo? Nikamwambia muulize Githinji anaipandaje. Akamwita Githinji kutoka kahawani. Githinji akasema, kwa dharau yake yote, "Mpaka shingoni. Kwani huko kwenu mnaipanda kichwa chini?" Wakaandika.

Wekesa hakunidanganya. Alisema itoka si chuma, mkono wa mtu unaweza kukosea kidole kimoja, na ataandika hivyo, kwamba hapa palipimwa kwa ua na pana kosa la kidole. Nikamwambia aandike. Kosa la kidole nalikubali. Nimefanya makubwa kuliko hilo. Lakini itaingia, Nyambura. Kazi yako ya upande wa juu itaingia.

Kisha tukashuka konani, kwenye matope mapya. Akinyi akasukuma mkebe usio na chini, akauchimbua kwa uangalifu, akakata kwa kisu. Juu matope mekundu, yote ya mafuriko, marefu kuliko mkono wangu kutoka kifundo mpaka ncha ya vidole. Chini matope yetu meusi. Na katikati, mwembamba kama uzi wa kushonea, mstari mweupe.

Nilimwambia Akinyi asiuguse. Nikapiga magoti, na unajua haya magoti. Ulimwaga unga huo nikikutukana, na ulikuwa umekaa pale gizani muda huo wote, sawasawa, jinsi mkono wako ulivyouacha. Niliweka kidole karibu nao. Sikuugusa. Nikasema asante. Nilisema kwa sauti, Githinji ni shahidi, na amewaambia watu wote sokoni Gakindu.

Sasa hali ni hii. Vigingi tisa vimerudi, nilivibeba mwenyewe, na Wekesa akavipiga kwa nyundo ya babu yako. Nyanya zimelala chini, shauri yake. Mbuzi amefungwa kwa mti kama mbuzi wengine. Itoka tano nilizifunika tena mizizi. Kwa chifu nimepeleka karatasi ya Wekesa yenye kipimo, wakaishika kwa mikono miwili, na sijui kama watafanya kitu, lakini hawataandika tena "nduma" peke yake. Kinamasi hakijarudi. Wekesa anasema ni miaka, na pengine upande wa juu hautarudi kabisa. Nimepanda matete kando ya maji hata hivyo. Baba yako anasema nipumzike. Nitapumzika wapi, na nani atashika maji?

Nakuahidi hivi, na mimi siahidi ovyo. Kila mwezi nitashuka na rula. Nikishindwa kutembea nitashuka kwa matako, watu wacheke. Na mtu yeyote akigusa kigingi chako, awe wa jaketi ama awe Githinji, atajua kwa nini babu yako alikuwa ananyamaza nikiingia nyumbani.

Leo asubuhi nimeanza. Kulikuwa na ukungu na mlima haukuonekana. Nilipima moja mpaka tisa, nikataja nambari kwa sauti, polepole, kama ulivyokuwa ukifanya. Ukurasa wako una mistari, na pembeni kuna nafasi ya jina la aliyepima. Umejaza Nyambura, Nyambura, Nyambura, mpaka mwezi ule ulipoacha. Nilikaa na kalamu nikiogopa kuharibu. Kisha nikaandika jina langu chini ya lako. Hati ni mbaya, imepinda kama mteremko wetu, lakini jina halikukatika.

Lala, mama. Usinihimize kuja huko, mwezi ujao niko na kazi.

Mimi Cucu wako,
Nyambura